Dume, Jike na Maksai: Kukua kwa Kondoo Wetu na Nyama Watupayo

(Maneno ya Kamati ya Mifugo mbele ya Mkutano Mkuu wa sherehe za mwaka wa kumi wa Chama Kikuu)



Tumeombwa tuseme nanyi habari za kondoo, na wakati tuliopewa ni mfupi kuliko mambo yenyewe. Kwa hiyo mengine tutayapita mbio, na kukaa zaidi juu ya yale mtakayoyapigia kura alasiri ya leo. Mnajua kwamba limeletwa shauri la kutumia sehemu ya akiba ya Chama kununua madume ya mbegu ya Dorper, na kuyagawa katika vyama vyote vya msingi, vya tambarare za Longido na vile vya miteremko ya Kilimanjaro Magharibi. Wengi wenu mmelipokea shauri hilo kwa shangwe. Sisi hatulipingi, wala hatuliungi mkono jinsi lilivyoandikwa. Twaomba mtusikilize kwanza, kisha mkate shauri wenyewe, kwani fedha ni zenu na kondoo ni wenu.

Yafaa tuanze na mbegu zenyewe. Kondoo wetu wa asili ni yule mwekundu wa Kimasai, mwenye nywele badala ya sufu na mkia mnene wa mafuta. Jike wake mzima aghalabu ana uzito wa kilo 25 hadi 35. Si mkubwa, na mgeni amtazamapo mara ya kwanza humdharau. Dorper naye ni mbegu iliyotengenezwa na watu, tena si zamani. Katika miaka ya 1930 wafugaji wa Afrika Kusini walikuwa wakipeleka nyama ya kondoo katika soko la Smithfield, mjini London, nayo ikashindwa vibaya na nyama ya New Zealand. Sababu haikuwa uchache wa nyama, bali mahali mafuta yalipokaa. Kondoo wao wa nchi kavu walikuwa na mafuta mengi mkiani na kitakoni, na machache mno juu ya mgongo na mapaja, ambako mnunuzi wa Kiingereza aliyataka. Basi wakamchukua dume wa Dorset Horn, kondoo wa Uingereza anenepaye upesi, wakampandisha majike wenye vichwa vyeusi waitwao Blackhead Persian. Hao wa vichwa vyeusi, ingawa jina lao ni la Uajemi, asili yao ni pwani ya Somalia, na walifika Afrika Kusini kwa meli katika karne ya 19. Jina Dorper limeungwa kutoka majina hayo mawili, na chama cha wafugaji wake kiliundwa mwaka 1950. Kwa hiyo ndugu zetu wasemao kwamba Dorper ni kondoo wa Kizungu wamesema nusu tu ya kweli. Nusu ya pili ya damu yake imetoka katika pembe hii hii ya Afrika.

Dorper hukua upesi, na jambo hili halina ubishi. Wafugaji wa Afrika Kusini husema kwamba mwana-kondoo wao, akiwa katika malisho mema, hufika kilo 36 katika muda wa miezi mitatu na nusu hadi minne. Nani kati yetu asingetaka mwana-kondoo wa namna hiyo? Lakini tuyaangalie vizuri yale maneno mawili, "malisho mema", kwa sababu ndani yake ndimo shauri lote lilimo. Mbegu haimpi mnyama uzito. Mbegu humpa uwezo wa kugeuza majani kuwa uzito, na majani yasipokuwapo, uwezo huo hukaa bure kama mashine ya kusaga isiyo na mahindi. Zaidi ya hayo, mwili mkubwa hula zaidi hata siku ambazo haukui. Mlioona mwaka 2009, ng'ombe walipokufa kwa maelfu Longido na Monduli, hamhitaji kuelezwa na Kamati maana ya mwili mkubwa katika nchi iliyokauka.

Hapa twapenda kusimama kidogo na kueleza jambo moja la elimu, kwa sababu bila ya hilo yote yatakayofuata hayataeleweka. Mwanachuoni mmoja wa Cambridge, Bwana John Hammond, alitoa kitabu kikubwa mwaka 1932 juu ya kukua kwa kondoo na ubora wa nyama yao. Alikata na kupima kondoo wa umri mbalimbali, kiungo kwa kiungo, akaonyesha kwamba mwili haukui wote kwa pamoja. Kichwa, miguu na mifupa hutangulia. Kisha hufuata nyama. Na mafuta huja mwisho. Hata sehemu za mwili zina zamu zao: kiuno, mahali penye nyama ya thamani, huchelewa kuliko miguu. Ndiyo maana mwana-kondoo mchanga huonekana ana miguu mirefu na kichwa kikubwa, na mnyama mzima aliyeshiba huonekana mpana na mfupi.

Sasa chukueni kondoo wawili, kila mmoja kilo 25. Mmoja ni mwekundu wetu, wa pili ni Dorper. Mtu asiyejua atasema hao ni sawa. La, si sawa hata kidogo. Yule mwekundu yu karibu na utu uzima wake: mifupa imekwisha kukua, nyama imejaa, na mafuta yameanza kujikusanya. Dorper wa kilo 25 bado ni mtoto. Amchinjaye atapata nyama isiyo na mafuta mengi, na laini kwa sababu ya utoto. Mwuza nyama wa mjini, akiwaweka hao wawili juu ya meza moja, atasema nyama ya Dorper ni laini kuliko ya kondoo wetu. Amesema kweli juu ya nyama aliyoishika, lakini sababu aliyoitaja siyo. Tofauti kubwa aliyoiona ni ya umri: kadiri mnyama anavyozeeka, ndivyo zile nyuzi zinazofunga nyama zinavyokaza, hata kupika kwa muda mrefu kukawa lazima. Wataalamu wa nchi nyingi waliopima kondoo wa mbegu mbalimbali waliofikia ukomavu ule ule, wakalishwa na kuchinjwa kwa namna moja, wameona kwamba tofauti ya ulaini kati ya mbegu na mbegu huwa ndogo. Kwa hiyo mwanachama anayemwuza kondoo wake mwekundu akiwa na miaka minne, kisha akalaumu mbegu kwa bei aliyopewa, ailaumu kalenda.

Hayo ni ya kukua. Lakini kuna la kuishi, nalo latangulia kukua, maana aliyekufa hapimwi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo, chenye makao Nairobi, walifuga kondoo wekundu wa Kimasai, Dorper, na machotara wao pamoja kule Diani, pwani ya Kenya, mahali penye mvua nyingi na unyevu. Adui wa huko ni mnyoo wa tumbo afyonzaye damu, yule ambaye mkimpasua kondoo aliyekufa mwamwona kama uzi mwekundu uliosokotwa na mweupe. Ilidhihirika kwamba kondoo wekundu walitoa mayai machache ya minyoo katika choo chao, damu yao haikupungua sana, na watoto wao walikufa wachache kuliko watoto wa Dorper. Wakati wa kuhesabu mavuno ya kundi zima, yaani wana-kondoo waliobaki hai pamoja na uzito wao, kundi la wale wadogo wekundu likalishinda kundi la Dorper mara kadhaa. Katika nchi kavu tofauti hiyo haikuonekana kwa nguvu namna hiyo. Huko Dorper anaweza kusimama.

Tazameni basi nchi yetu wenyewe. Chama chetu kina wanachama wa tambarare kavu, ambako minyoo haisumbui sana ila miaka ya mvua nyingi. Kina pia wanachama wa miteremko ya mlima, wenye ukungu na majani mabichi karibu mwaka mzima. Shauri lililo mezani lawapa wote dawa moja. Wale wa mlimani wenye majani mema ndio watakaotamani Dorper zaidi, nao ndio minyoo itakaowakuta. Watu watajibu kwamba dawa ya minyoo ipo dukani. Ipo, na tunaitumia. Lakini minyoo hujifunza. Katika nchi nyingi duniani, Kenya ikiwa mojawapo, imekwisha kuonekana minyoo isiyokufa kwa dawa zilizokuwa zikiiua zamani. Kondoo ambaye kinga yake imo katika damu yake hagharimu senti moja kila msimu.

Tena kuna habari ya jirani zetu ambayo yatupasa kuijua kabla ya kupiga kura. Katikati ya miaka ya 1970 ulianzishwa nchini Kenya mpango wa kueneza madume ya Dorper kwa wafugaji, kwa bei iliyopunguzwa na serikali. Hadi wakati ule kondoo mwekundu safi alionekana kila mahali katika nchi za wafugaji wa kusini. Watu wakapandisha majike wao wote kwa Dorper, wakapandisha na mabinti wa majike hao, na mabinti wa mabinti. Hesabu yake ni nyepesi: kizazi cha kwanza ni nusu Dorper, cha pili robo tatu, cha tatu saba katika nane. Watafiti walipokuja kutafuta kondoo wekundu safi miaka ishirini hivi baadaye, waliwapata kwa shida kubwa. Kizazi cha kwanza kilikuwa kizuri mno. Chotara wa nusu kwa nusu huwa na nguvu ya pekee, hukua vema na kuishi vema kuliko wastani wa wazazi wake. Ila nguvu ile hupungua katika vizazi vinavyofuata, na ili uipate tena hapana budi uwe na mama safi mwekundu zizini. Huyo akisha kutoweka, hanunuliwi dukani.

Sasa tugeukie habari ya dume na jike, ambayo wengine wenu mwaweza kuiona ndogo. Si ndogo.

Mwana-kondoo dume huzaliwa mzito kuliko dada yake, kwa tofauti ya sehemu chache tu katika mia. Tangu hapo huzidi kumwacha nyuma. Kwa kawaida, wakilishwa sawasawa, dume asiyehasiwa hukua upesi kuliko wote, maksai humfuata, jike huwa wa mwisho. Nguvu hiyo ya dume yatoka katika kokwa zake, ambazo hutoa ndani ya damu kichocheo kinachoamrisha mwili kujenga nyama na mifupa. Na ile kanuni ya Bwana Hammond yafanya kazi hapa vile vile: dume hukusudiwa na maumbile kuwa mkubwa, kwa hiyo katika uzito wowote ule yeye ni mtoto zaidi kuliko dada yake. Wachinje dume na jike wenye kilo 30 kila mmoja: jike atakuwa na mafuta mengi zaidi, dume atakuwa na nyama na mifupa zaidi, tena nyama yake nyingi imehamia shingoni na mabegani. Maksai yu katikati. Waweza kusema kwamba jinsia ni kama mbegu nyingine ndani ya mbegu.

Lakini sikilizeni neno hili, ambalo halitajwi sana. Tofauti ya dume na jike hukua panapo chakula kingi, na hupungua panapo njaa. Katika malisho ya kiangazi dume hana cha kujengea, na ule ubora wake wa kukua wabaki karibu maneno matupu. Aidha, tofauti kati ya mtoto pekee na pacha katika umri wa kunyonya, mara nyingi huwa kubwa kuliko tofauti kati ya dume na jike, na mtoto wa mama aliyezaa mara ya kwanza huwa mdogo vile vile. Kwa hiyo mkimwona mwana-kondoo mkubwa zizini, msiseme mara moja "mbegu hiyo" wala "dume huyo". Ulizeni kwanza: alizaliwa peke yake? Mama yake ni wa uzazi wa ngapi? Alizaliwa mwezi gani, masika au kiangazi? Mara nyingi dume aliyeteuliwa kuwa baba wa kundi, kwa sababu alikuwa mkubwa kuliko wenziwe, hakuwa na sifa nyingine ila kwamba alinyonya matiti mawili peke yake.

Je, basi tuhasi au tusihasi? Wazee wetu walihasi, tena walikuwa na sababu zao. Walitaka maksai mnene mwenye mkia mzito, kwa ajili ya mafuta, ambayo mzazi aliyetoka kujifungua hupewa, na ambayo hutumika katika dawa na sherehe. Kwa haja hiyo maksai mwekundu wa Kimasai hana mfano, na wale wanaotaka kumfuga hivyo hatuna la kuwaambia ila pongezi. Soko la mjini lataka jingine. Mwenye duka la nyama hulipa kwa kilo, na mkia wa mafuta wanunuzi wake wengi huukataa. Yeye apenda mnyama kijana, mwenye nyama nyingi na mafuta ya kiasi, mafuta yanayotosha kuufunika mwili usikauke na kuipa nyama ladha.

Kwa soko la namna hiyo, dume anayeuzwa mapema hana haja ya kuhasiwa. Atakua upesi, na nyama yake, akiwa bado hajafika mwaka, haitofautiani sana na ya dada yake mdomoni mwa mlaji. Akikawia ndipo mambo hubadilika. Kondoo ana harufu yake ya pekee, itokanayo na asidi fulani zilizo katika mafuta, na wanachuoni wa New Zealand walizitambua katika miaka ya 1970. Asidi hizo huzidi kwa dume kadiri anavyopevuka. Mlaji aliyezoea hazimkeri, bali hata huzipenda. Mgeni wa hotelini huzikataa, na hotelini ndiko tunakotafuta kupeleka nyama yetu. Kadhalika dume aliyepevuka haachi kupigana na kupanda wenziwe, na haya nayo yana gharama katika nyama, kama tutakavyoeleza punde.

Soko la Idi ni jambo la peke yake. Wanunuzi wengi wa siku hizo hutaka kondoo dume, mkamilifu, asiye na kilema wala pembe iliyovunjika, na humlipia vizuri. Sheria yenyewe haimkatai aliyehasiwa, ila mnunuzi ndiye mwenye fedha. Mwanachama anayejua tarehe ya Idi anaweza kuweka madume wachache wazuri kwa ajili hiyo. Lakini awatenge, au awavike ngozi ya kuzuia kupanda, ile ambayo wazee wa Kimasai wameitumia tangu zamani ili wana-kondoo wasizaliwe wakati wa ukame. Hatujaona kifaa cha kisasa kilicho rahisi kuliko hicho.

Mtu akiamua kuhasi, ahasi mapema. Pete ya mpira hufaa katika wiki ya kwanza ya maisha, na haifai baadaye, kwani humtesa mnyama na kumfungulia mlango wa pepopunda. Aliyekwisha kupita umri huo ahasiwe kwa koleo la Burdizzo, ambalo huponda mishipa bila kupasua ngozi, na mwenye mkono usiozoea amwite Bwana Mifugo.

Tumesema kwamba kupigana kuna gharama. Hii ndiyo sehemu ya hotuba yetu ambayo twatamani vijana waendeshao mifugo mnadani waisikie kuliko wote. Ndani ya nyama ya mnyama aliye hai mna akiba ya sukari. Baada ya kuchinjwa, sukari hiyo hugeuka kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoipa nyama rangi yake nzuri nyekundu na kuizuia kuoza upesi. Mnyama aliyekimbizwa, aliyepigwa, aliyelala na kiu, au dume aliyepigana usiku kucha katika zizi la machinjio, huitumia akiba hiyo yote kabla kisu hakijamfikia. Nyama yake hubaki nyeusi, yenye kunata, na haikai. Hapo mbegu yote uliyonunua, na miezi yote uliyochunga, imepotea katika safari ya siku moja. Sisi twaamini, na huu ni uamuzi wetu baada ya kutazama mambo kwa miaka kumi, kwamba wanachama wetu hupoteza thamani zaidi katika njia ya kwenda mnadani kuliko wanayoweza kuipata kwa kubadili mbegu. Madume wasiojuana wasichanganywe usiku wa kuamkia kuchinjwa. Maji yawepo. Fimbo ipumzike.

Na kwa kuwa Chama kinakusudia kuwa na chumba cha baridi, neno moja tu juu yake. Kondoo wetu ni wembamba, hawana blanketi la mafuta mgongoni. Nyama yao ikitiwa katika baridi kali mara baada ya kuchinjwa, hujikunja na kukakamaa, wala hailainiki tena upesi. Kanuni inayofuatwa na wenye ujuzi ni kwamba isishushwe chini ya nyuzi 10 za sentigredi kabla ya saa kumi hivi kupita. Kisha iachwe itundikwe siku moja au mbili. Anayechinja alfajiri na kupika adhuhuri hana haki ya kumlalamikia kondoo.

Ndugu wanachama, tumefika kwenye mizani. Mpaka leo wengi wetu huuza kwa jicho. Mchuuzi hushika kiuno, hutikisa kichwa, hutaja bei, na mwenye kondoo hana la kujibu kwa sababu hajui alichokishika. Tuseme kondoo ana kilo 30 akiwa hai. Akitoa nyama sehemu 45 katika mia, ni kilo 13 na nusu. Akiwa ameshiba majani na maji asubuhi ile, atapima zaidi bila kuongeza nyama hata kidogo, na akiwa amefunga, sehemu zile 45 zaweza kuonekana 48. Mchuuzi huyajua hayo yote kwa mazoea ya mikono yake. Kati ya 40 na 50 katika mia kuna nafasi kubwa ya mtu kunyang'anywa. Bila mizani, yule atakayefuga Dorper kwa gharama atalipwa kwa jicho lile lile, na faida ya kukua upesi itakwenda kwa mnunuzi.

Kwa sababu hizo, Kamati yaomba shauri lirekebishwe hivi. Madume ya Dorper yanunuliwe, lakini machache, na yapelekwe kwanza kwenye vyama vya tambarare kavu tu. Kila mwanachama atakayepata huduma yao atoe sehemu tu ya majike wake, na waliobaki wapandishwe na dume mwekundu safi, ili mama wa kesho wasikosekane. Machotara wote wa kiume wahasiwe mapema, au wauzwe kabla ya kupevuka. Hili ndilo sharti tusiloweza kulilegeza, kwa kuwa malisho yetu ni ya shirika. Dume chotara mmoja aliyeachwa huru hataheshimu mpaka wa zizi la jirani, na yule aliyekusudia kuhifadhi kondoo wekundu ataamka miezi mitano baadaye na watoto wasio wake. Hapo ndipo habari ya mbegu na habari ya jinsia zinapokuwa habari moja. Vyama vya mlimani vibaki na kondoo mwekundu, na wenyewe wachague madume bora miongoni mwa hao hao, kwa kutazama utando wa ndani ya kope wakati wa mvua: mwenye utando mwekundu hali damu yake imesimama, mwenye utando mweupe minyoo imemshinda, na huyo asiwe baba wa yeyote.

Fedha itakayosalia kwa kununua madume machache inunue mizani, moja kwa kila chama cha msingi, pamoja na madaftari. Katika daftari kila mwana-kondoo aandikiwe siku aliyozaliwa, dume au jike, pekee au pacha, baba yake wa mbegu gani, na uzito wake alipoachishwa kunyonya. Vijana waliosoma wapo katika kila boma. Baada ya misimu miwili tutajua kwa hesabu zetu wenyewe, si kwa hesabu za Afrika Kusini wala za Diani, ni kondoo gani afaaye wapi, na kama chotara anarudisha gharama yake.

Tumesikia hoja kwamba kugawa madume kwa vyama vingine na kuvinyima vingine kutaleta manung'uniko. Huenda. Vyama vya mlimani vimechangia akiba sawasawa na wengine, na ni haki yao kuuliza watapata nini. Twajibu kwamba wao wapewe mizani kwanza kabla ya wengine, na kwamba majike wekundu watakaohitajika tambarare kwa ajili ya kuzaa machotara wanunuliwe kutoka kwao, kwa kilo, kwa bei itakayopangwa na Chama. Wao ndio watakaokuwa ghala la mbegu.

Karatasi za shauri lililorekebishwa ziko kwa Bwana Karani, karibu na mlango wa kushoto. Wanaotaka kuona tofauti kwa macho yao, kabla ya kura kuna kondoo sita nyuma ya jengo hili: dume, jike na maksai wa kila mbegu, wote wa umri mmoja, pamoja na mizani. Kisieni kwanza, kisha pimeni.